Usijibu "Nashukuru Mungu": mimba ikiharibika ukiwa Texas

Mswahili akiulizwa hali, husema nzuri kwanza, msiba baadaye. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila baba amefariki jana." Nimekulia Muheza, ndivyo tulivyolelewa, na barazani sioni ubaya wake. Ubaya nimeuona kwenye vyumba vya dharura vya Dallas na Fort Worth, ninakofanya ukalimani wa hospitali, mwaka wa kumi na moja sasa. Nesi anauliza, "Unajisikiaje?" Mama amelowa damu mpaka kwenye soksi, anajibu, "Nashukuru Mungu." Mimi mkalimani siruhusiwi kuongeza wala kupunguza. Nafasiri kwamba anamshukuru Mungu. Nesi anachapa, anahamia swali linalofuata.

Jibu hilo lingekuchelewesha popote. Texas, tangu sheria za mimba zibadilike, linaweza kukugharimu usiku mzima. Kwa hiyo naandika haya kwa mwenye mimba anayeongea Kiswahili, na kwa mume, wifi au jirani atakayempeleka. Mimi si daktari wala wakili. Ninachokijua ni maneno, na jinsi yanavyogeuka yakishaingia kwenye faili.

Kwanza ujue daktari anaogopa nini

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta haki ya kutoa mimba iliyokuwepo nchi nzima tangu 1973, kila jimbo likaachiwa liamue lenyewe. Texas ilikuwa na sheria tayari kabatini, ikaanza kazi tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Daktari akitoa mimba nje ya kinachoruhusiwa anaweza kufungwa hata maisha, kutozwa faini isiyopungua dola 100,000 na kunyang'anywa leseni. Kinachoruhusiwa ni pale ambapo ugonjwa uliotokana na mimba, au uliozidishwa nayo, unamweka mama kwenye hatari ya kufa au ya kuharibikiwa vibaya na kazi muhimu ya mwili. Kwa aliyebakwa hakuna ruhusa.

Sasa chukua mama ambaye chupa imepasuka wiki ya 17. Mtoto hawezi kuishi nje, mapafu hayajawa mapafu. Lakini moyo wake unapiga, na mama hana homa, bado. Zamani daktari angekaa pembeni ya kitanda na kusema njia ni mbili: kusubiri, au kuimaliza mimba sasa kabla maambukizi hayajaingia, chagua. Baada ya sheria, wengi walingoja mama aumwe kwanza. Amanda Zurawski, chupa yake ilipasuka wiki ya 18 mwaka 2022, akangojewa mpaka maambukizi yakaingia kwenye damu. Alipona, akaishtaki serikali ya Texas yeye na wenzake, na Mei 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikawakatalia. Josseli Barnica, mhamiaji kama sisi, kutoka Honduras, hakupona. Mimba yake ya wiki 17 ilikuwa inatoka, akasubirishwa saa 40 mpaka moyo wa mtoto uliponyamaza, akafa kwa maambukizi. Hiyo ilikuwa Houston, Septemba 2021, sheria ya kwanza, ile iliyokataza kutoa mimba mapigo ya moyo yakishasikika, ikiwa na siku chache tu.

Sheria imerekebishwa mara mbili baadaye. Tangu Septemba 2023 daktari aliyetibu chupa iliyopasuka mapema au mimba iliyotunga nje ya kizazi ana utetezi mahakamani. Marekebisho ya Juni 2025 yanasema wazi kwamba hatari si lazima iwe ya papo hapo ndipo daktari aguse. Madaktari wengine wamepumua. Wengine, kwa ninavyowaona, bado wanatoka nje ya chumba kupiga simu kabla ya kusema lolote.

Shika mambo matatu. Kuondoa mimba iliyotunga nje ya kizazi si kutoa mimba kwa sheria ya Texas. Kumsafisha mama ambaye mtoto amekwisha kufia tumboni nako si kutoa mimba. Na sheria hizi zinamwadhibu mtoa huduma, hazimwadhibu mwenye mimba. Najua mtaniuliza habari ya yule mwanamke wa wilaya ya Starr, mpakani na Mexico, aliyekamatwa Aprili 2022 na kushtakiwa kwa mauaji. Ni kweli alikamatwa. Mashtaka yakafutwa siku chache baadaye, kwa sababu hakukuwa na sheria ya kumshtakia. Polisi akija kukuhoji kitandani, mwambie unataka wakili, kisha nyamaza. Kwa nesi na daktari, eleza damu, homa, maumivu na dawa ulizomeza, maana hayo ndiyo wanayotibia.

Jitengenezee kadi ya kliniki

Nyumbani mjamzito hatembei bila kadi ya kliniki. Huku hakuna kadi, kila kitu kiko kwenye kompyuta, na kompyuta ya kliniki yako mara nyingi haioni ya hospitali utakayokimbizwa usiku. Kwa hiyo chukua karatasi ngumu, iandike wewe, iwe kwenye mkoba. Tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kundi la damu. Kama ni hasi lipigie mstari, kwa sababu ukitokwa damu kuna sindano unayotakiwa kuchomwa ndani ya saa 72. Dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru, upasuaji wa zamani, mimba zilizopita na zilivyoisha. Namba ya simu ya mtu mmoja anayepokea usiku.

Hesabu kwa wiki. Sisi tunasema "mimba ya miezi minne", na miezi minne ya mtu mmoja ni wiki 15, ya mwingine 18. Kwao wiki moja inabadilisha mazungumzo yote.

Halafu chagua hospitali ungali mzima. Texas imejaa vituo vya dharura vya kando ya barabara, kati ya duka la pizza na kinyozi, vyenye taa nyekundu na maegesho mazuri. Havina wodi ya wazazi. Watakupima, watakuandikia bili, na mwisho watakutafutia gari la kukupeleka kule ulikopaswa kwenda tangu mwanzo. Tafuta hospitali yenye leba na daktari wa uzazi usiku kucha. Kubwa ya kaunti au ya chuo kikuu ni bora, maana ina madaktari wa mimba za hatari. Hospitali za Kanisa Katoliki zina miongozo yake juu ya ile ya serikali, uliza kabla. Kliniki muulize daktari wako hivi: "Chupa ikipasuka wiki ya 18, hapa mtanifanyia nini?" Akibabaika, umepata jibu.

Lini uondoke nyumbani

Pedi inajaa ndani ya saa moja, na inayofuata pia. Maji yanachuruzika na si mkojo, hata kama ni kidogo, hata kama yamekata. Joto la mwili limefika 100.4 kwa kipimo chao cha Farenihaiti, ambayo ni 38 yetu. Uchafu unanuka. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au maumivu ya bega yasiyo na sababu huku ukihisi kuzirai: hiyo inaweza kuwa mimba ya nje imepasuka, usioge kwanza, usibadilishe nguo, piga 911. Kichwa kinachogonga na macho kuona vimulimuli, hiyo ni presha. Kipimajoto ni dola kama kumi dukani. Nunua leo.

Usingoje mume atoke kazini. Nalisisitiza hili kwa sababu wifi yangu alingoja.

Mapokezini

Sheria ya shirikisho ya 1986, inaitwa EMTALA, inasema hospitali yoyote yenye idara ya dharura na inayopokea pesa za Medicare, bima ya serikali ya wazee, lazima ikupime, na ikikuta una hali ya dharura ikutibu mpaka utulie, au ikuhamishe panapowezekana. Haijali bima, pesa wala karatasi za uhamiaji. Mwaka 2022 serikali ya Biden ilitoa waraka uliosema sheria hiyo inahusu pia kutoa mimba pale ambapo ndiyo tiba ya dharura. Texas ikaupinga mahakamani na ikashinda, na Juni 2025 serikali ya Trump ikaufuta waraka wenyewe. Kilichofutwa ni waraka. Sheria ya 1986 ipo palepale, na kupimwa ni haki yako.

Tangu Novemba 2024, kwa amri ya gavana, utaulizwa kama wewe ni raia au uko nchini kihalali. Wanatakiwa wakuambie kwamba jibu halibadilishi matibabu. Unaweza kusema hutaki kujibu. Nimeona mama amegeuka mlangoni kwa sababu ya swali hilo, damu inatoka, na mumewe akamfuata na funguo za gari mkononi kana kwamba wamefukuzwa.

Omba mkalimani. Ni bure, hospitali ndiyo inayolipa, na usikubali mtoto wako wa darasa la tano afasiri habari za kizazi chako. Sema neno moja tu, "Swahili", huku ukionyesha mdomo. Ataletwa kwenye simu, au kwenye kishikwambi kilichofungwa juu ya kigari cha magurudumu. Ukiona hamwelewani kwa lahaja, sema, wabadilishe.

Sasa maneno. Wifi yangu ameniruhusu nisimulie, ila jina lake hapana. Ni Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ameolewa na kaka yangu, wanakaa nusu saa kutoka kwangu. Mimba ilikuwa ya wiki 17. Chupa ilipasuka akiwa anaosha vyombo, saa nane mchana. Kaka alikuwa kazini ghalani na gari. Walifika hospitali saa nne usiku, mimi nikawakuta mapokezini.

Kabla mkalimani hajapatikana, nesi alimuuliza kwa Kiingereza maji yametoka saa ngapi. Wifi akajitahidi: akasema nane, kwa Kiingereza. Nesi akaandika nane ya kwao, yaani saa mbili usiku. Kwenye faili chupa ikawa imepasuka saa mbili zilizopita, na kweli zilikuwa nane. Saa sita zikapotea kwa neno moja, na kwa chupa iliyopasuka saa ndizo zinazohesabiwa. Sisi tunahesabu kutoka mapambazuko, wao kutoka usiku wa manane, na wengine wa Kongo huhesabu kwa Kifaransa. Usitaje saa kwa kichwa. Onyesha kwenye simu, weka kidole juu ya namba.

Halafu akaja mkalimani kwenye kishikwambi, kijana, lafudhi ya Nairobi. Mimi kwa ndugu yangu siruhusiwi kufasiri, nikakaa kama wifi. Daktari akauliza mimba zilizopita. Akajibu, "Ya pili ilitoka, tukiwa kambini, baadaye wakanitosha mabaki." Kwa Kiswahili cha Kongo kutosha ni kuondoa. Kijana wa Nairobi akasita, "wakanitosha" ikampita, akashika alichoambulia: kwamba alitolewa mimba. Mkono wa daktari ukasimama juu ya kibodi. Sikungoja. Nikasema, "Samahani mkalimani, naomba usahihishe. Mimba iliharibika yenyewe, kisha wakamsafisha." Kijana akaomba radhi, akasahihisha, mkono ukaendelea kuchapa.

Kwa hiyo usiseme "ilitoka" ukaishia hapo. Herufi moja inatenganisha kutoka na kutoa. Sema "iliharibika yenyewe", au "mtoto alifia tumboni". Kiingereza cha madaktari nacho hakisaidii, maana kwenye mafaili yao mimba iliyoharibika yenyewe na iliyotolewa huitwa kwa jina lilelile, kinachotofautisha ni kivumishi tu, na bimkubwa wa mapokezi hasomi vivumishi.

Acha na tafsida. "Huko chini", "siku zangu zimekuja vibaya", "maji kidogo": mkalimani mwaminifu atafasiri hivyohivyo. Taja ukeni. Taja damu, rangi yake, mabonge ya ukubwa gani, pedi ngapi. Uchungu taja kwa namba, kumi ndiyo kama leba. Ukiulizwa unajisikiaje, anza na kibaya kuliko vyote. Mungu anajua kwamba unamshukuru.

Ukiwa kitandani

Daktari akisema "tutakuangalia", hapo ndipo kazi yako inaanza, na ni kazi ya mtu wa pili zaidi, kwa sababu mgonjwa amechoka. Muulize haya, polepole, mkalimani akiwepo. Moyo wa mtoto unapiga? Anaweza kuishi akizaliwa leo? Nina dalili ya maambukizi, na mnapima nini kujua? Mnangoja kitu gani kitokee ndipo mnitibu? Swali hilo la mwisho ndilo zito. Nimeona madaktari wakinyamaza, na nimeona mmoja akishukuru kuulizwa, kwa sababu lilimpa nafasi ya kusema kweli mbele ya nesi.

Uliza pia: "Ningekuwa jimbo lisilo na sheria hii, ungenipa njia gani?" Akikujibu, una cha kuamulia. New Mexico, jimbo la jirani, ina sheria nyingine kabisa, na mgonjwa anaweza kuomba ahamishiwe kwingine angali na nguvu za kusafiri. Kutoka Dallas hadi Albuquerque ni kama kilomita elfu moja, siyo safari ya mwenye homa. Omba daktari wa mimba za hatari aitwe. Omba jopo la maadili la hospitali, kubwa zote zinalo. Na chochote unachoomba na kukataliwa, sema: "Naomba iandikwe kwenye faili kwamba nimeomba, na sababu ya kukataliwa." Sema bila hasira. Nimeona sentensi hiyo ikirudisha daktari chumbani upesi kuliko kelele zote za shemeji.

Aliyekaa pembeni awe na daftari. Saa, joto, mapigo ya moyo, nani kaingia, kasema nini. Kila wanapopima, uliza namba, andika. Mapigo yakipanda juu ya mia na kubaki huko, kutetemeka, tumbo kuuma likiguswa, kuchanganyikiwa: bonyeza kengele, na wasipokuja toka kwenye korido ukamwite mtu. Ustaarabu utaurudia kesho.

Wakikuruhusu uende nyumbani, usitoke bila karatasi inayosema wameona nini na urudi kwa dalili zipi. Pima joto kila baada ya saa nne, pamoja na usiku. Likifika 100.4 unarudi, na kama hospitali ile imekurudisha mara mbili, nenda nyingine, uanze upya na karatasi mkononi.

Wifi hakurudishwa. Walimlaza wakasubiri. Mimi niliondoka saa sita usiku kwa sababu nilikuwa na zamu asubuhi, kaka akabaki kwenye kiti, na kaka yangu akikaa kwenye kiti analala. Daftari hatukuwa nalo. Haya ya daftari nimejifunza baadaye. Saa kumi na mbili asubuhi kaka akanipigia: anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Joto 102.7. Ndipo wakakimbia, antibayotiki mbili kwa dripu, dawa ya kuanzisha uchungu, mtoto akatoka saa nne asubuhi. Alikuwa wa kiume. Kaka alitaka kumzika na hakujua kwamba anaweza kuomba mwili, hata mtoto akiwa mdogo kiasi kile. Unaweza. Sema mapema, kabla hawajapeleka maabara, ili msije mkaambiwa mmechelewa.

Bili na faili

Bili ikija usilipe kwa hofu. Asiye na karatasi anaweza kupata Medicaid ya dharura, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa ajili ya dharura ile tu, na Texas ina bima ya ujauzito kupitia CHIP, mpango wa serikali wa bima ya watoto, ambayo haiangalii karatasi za mama. Hospitali zisizo za faida zina fomu ya msaada wa kulipa bili, "financial assistance", iombe kwa jina hilo. Ukiona hukupimwa au ulifukuzwa, malalamiko ya EMTALA hupelekwa kwa idara ya afya ya jimbo, na huna haja ya wakili.

Na uombe faili lako lote, maelezo ya manesi yakiwemo, siyo muhtasari. Ni haki yako kwa sheria ya shirikisho. Wifi aliliomba baada ya miezi miwili, tukakaa mezani kwake tukilisoma, mimi nikifasiri kwa ndugu yangu kwa mara ya kwanza bila kanuni ya kunizuia. Mengi yalikuwa namba. Tukafika ukurasa wa usiku ule, saa nane na dakika kumi, kaka amelala kitini, mimi niko nyumbani, kigari cha mkalimani kimeletwa. Joto 100.9. Mapigo 124. Chini yake mstari mmoja wa nesi: mgonjwa anasema anamshukuru Mungu, hana malalamiko.